Mashindano ya mashua: Neema au adha kwa bandari ndogo?

SIKU ya mashindano ya mashua mjini Lamu, ukuta wa bahari huwa haupitiki. Wazee wa kofia na kanzu, akina mama wa buibui na watoto waliojazana kwenye ngazi za gati, wote macho yao huwa yameelekezwa kwenye mkondo unaokitenga kisiwa hicho na kile cha Manda. Huko mashua huwa zimetweka matanga, na mabaharia wameketi juu ya ubao uliochomozwa nje ya ubavu ili uzito wao uzuie chombo kisipinduke. Nahodha atakayeibuka mshindi atatajwa barazani mwaka mzima.

Hata hivyo, katika saa hizo hizo kuna watu wengine majini ambao hakuna awashangiliaye. Kuna mvuvi anayetaka kufika dikoni kabla samaki wake hawajaharibika. Kuna abiria aliyeshuka kwenye uwanja wa ndege ulioko Manda, naye hana njia ya kufika mjini ila kwa kuvuka mkondo ule ule. Na pengine kuna baharia mgeni aliyesafiri siku kadhaa kwa mashua yake, asiyejua kwamba leo kuna mashindano, na ambaye anachotafuta ni mahali pa kutia nanga apate usingizi.

Watu hao watatu ndio kipimo cha kweli cha mashindano yoyote ya mashua za tanga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini si kila ujio wa mgeni unaomponya mwenyeji, wala si kila mwenyeji anayempokea mgeni ipasavyo. Bandari ndogo inapovamiwa na mashua nyingi kwa siku chache, faida na madhara huja katika wimbi moja, na kinachoamua kipi kitazidi kingine si wingi wa mashua bali ni mpango uliowekwa kabla ya wimbi hilo kufika.

Mfano wa Cowes

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kuutazama mji ulioishi na mashindano ya aina hii kwa muda mrefu. Cowes ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 10,000 na ushei, ulioko kaskazini mwa Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, pale Mto Medina unapoingia baharini. Mnamo Agosti 10, 1826, mashua saba zilishindana huko kuwania kikombe cha dhahabu chenye thamani ya pauni 100. Kutokana na mbegu hiyo yalimea mashindano ya kila Agosti yajulikanayo kama Cowes Week, ambayo yamekatizwa na mambo machache tu, yakiwemo vita viwili vikuu vya dunia na janga la korona mwaka 2020.

Katika miaka ya kilele, mashindano hayo yamewahi kuvutia takriban mashua 1,000 na mabaharia wapatao 8,000, ingawa idadi imepungua katika miaka ya karibuni. Ebu msomaji afikirie hesabu hiyo. Mji wa watu 10,000 unapokea kwa wiki moja mabaharia wanaokaribia idadi ya wakazi wake, kabla hata ya kuhesabu watazamaji wanaovuka kutoka bara. Kila mmoja wao anahitaji chakula, choo, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Na kila mashua inahitaji mahali pa kufungwa.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la bandari ndogo linapojitokeza, nalo ni la nafasi.

Hesabu ya nanga

Mtu wa nchi kavu hudhani kwamba bahari ni pana na haiwezi kujaa. Baharia anajua kuwa sivyo. Mashua iliyotia nanga haitulii mahali pamoja. Huzunguka nanga yake kadiri upepo na mkondo wa maji unavyogeuka. Ili nanga ishike vyema, mnyororo hutakiwa kuwa mrefu mara nne au tano ya kina cha maji, na ikiwa ni kamba badala ya mnyororo, urefu huo huongezwa.

Tuchukue mashua ya mita 12 iliyotia nanga penye kina cha mita 5 maji yakiwa yamejaa. Nahodha akitoa mnyororo wa mita 25, mashua hiyo yaweza kuzunguka katika duara ambalo kutoka kitovuni hadi ukingoni ni karibu mita 37. Eneo la duara hilo ni takriban mita mraba 4,300, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda, kwa ajili ya mashua moja. Mashua ishirini za namna hiyo zinaweza kuimaliza ghuba nzima.

Ndiyo maana bandari zinazoandaa mashindano huzifunga mashua ubavu kwa ubavu. Mashua kumi za mita 12, kila moja ikiwa na upana wa mita 4, zikifungwa pamoja huchukua takriban mita mraba 480 tu, yaani kama sehemu moja kwa tisa ya eneo linalohitajiwa na ile moja iliyotia nanga peke yake. Mabaharia wa Lamu hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa mashua zao zimekuwa zikifungana hivyo mbele ya mji tangu jadi.

Lakini kufungana kuna adabu zake. Anayepita juu ya mashua ya mwenzake ili afike gatini hupita upande wa omo, si pale wenyewe walipoketi au kulala. Kila mashua hufunga kamba zake hadi nchi kavu, isije ikawa uzito wa zote umening'inia kwenye kamba za ile ya kwanza. Aidha, huwekwa mapande ya mpira kati ya ubavu na ubavu; kwetu matairi makuukuu hufanya kazi hiyo. Na anayekusudia kuondoka alfajiri hana budi kusema jioni, kwa sababu asiposema ataamsha watu wa mashua nne ili yeye atoke.

Mgeni asiyekuja kushindana

Adha hiyo humwangukia zaidi baharia ambaye hakuja kwa ajili ya mashindano. Huyu ni msafiri anayekwenda kutoka bandari moja hadi nyingine, mara nyingi na familia yake, akitegemea kwamba maboya ya kufungia wageni yatakuwa wazi kama yalivyokuwa mwezi uliopita. Anapofika jioni akiwa hoi, hukuta maboya yote yamewekwa kando kwa ajili ya washindani, gati imejaa, na muziki unarindima hadi usiku wa manane.

Kwa mwenye gari, hoteli ikijaa hupiga hatua hadi mji wa pili. Kwa mwenye mashua, bandari ya pili yaweza kuwa umbali wa saa nyingi, na giza likiwa limeshaingia. Mlango usiojulikana haupaswi kuingiwa usiku, hasa ukiwa na mafungu ya mchanga na miamba. Hivyo basi, jambo lililoonekana kuwa usumbufu mdogo linaweza kugeuka kuwa hatari kwa maisha.

Kwa sababu hiyo, bandari zilizozoea mashindano hufanya mambo mawili. Kwanza, hutangaza tarehe mapema katika ratiba na matangazo ya mabaharia, ili asiyetaka msongamano apange safari yake upya. Pili, hutenga sehemu kwa ajili ya mgeni wa dharura, hata kama ni maboya mawili matatu, ili asifukuzwe mtu aliyechoka au mwenye mgonjwa chomboni.

Baharia mgeni naye ana wajibu. Anayesafiri bila kuuliza habari za bandari aendako ni sawa na mtu aendaye ugenini usiku bila kubisha hodi. Mawasiliano ya redio kabla ya kufika, au hata simu moja, huweza kumwepusha na safari ya usiku.

Nani ana haki ya njia?

Suala jingine ni la njia. Washindani wengi huamini, kimyakimya, kwamba bendera ya mashindano inawapa haki ya kupishwa na kila chombo. Sivyo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 hazimpi mshindani upendeleo wowote dhidi ya asiyeshindana. Sheria maalumu za mashindano huwafunga washindani wenyewe kwa wenyewe. Anapotokea mvuvi au msafiri, kanuni za kawaida ndizo zinazotumika.

Ni kweli kwamba katika maji mapana chombo cha injini hutakiwa kukipisha cha tanga. Lakini katika mkondo mwembamba hali hubadilika: mashua ya tanga, au chombo chochote kisichofika mita 20, haitakiwi kuzuia meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mkondo huo.

Agosti 6, 2011, somo hilo lilitolewa hadharani mbele ya mji wa Cowes. Mashua ya mashindano iitwayo Atalanta of Chester iligongana na meli ya mafuta Hanne Knutsen iliyokuwa ikipita katika njia yake. Mlingoti wa mashua hiyo ulivunjika na baharia mmoja akajeruhiwa. Mnamo 2013 nahodha wa mashua hiyo alipatikana na hatia mahakamani kwa kutochunga vyema mbele yake na kwa kuizuia meli. Katika maji hayo, sheria inakataza chombo kidogo kuingia umbali wa mita 1,000 mbele ya meli yenye urefu unaozidi mita 150, au mita 100 kila ubavu wake. Marufuku hiyo husafiri pamoja na meli, na mashindano hayaiondoi.

Kwa Lamu hoja hii ina uzito wa namna yake. Ni kweli kwamba meli kubwa hazipiti mbele ya mji wa kale. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021, iko Kililana upande wa bara, kwenye ghuba ya Manda. Lakini mkondo ulioko mbele ya mji ndio barabara kuu ya kisiwa. Mjini hutembea watu na punda. Abiria wa ndege wanatoka Manda, na wanaosafiri kwa basi wanatoka Mokowe, wote kwa mashua. Kuufunga mkondo kwa alasiri nzima ni sawa na kuifunga barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi kwa ajili ya mbio za baiskeli. Jambo hilo lawezekana, ila lahitaji njia ya kando. Iwapo maboya ya mashindano yatawekwa kwa namna inayoacha upande mmoja wazi kwa mashua za abiria na za wavuvi, mgonjwa anayepelekwa hospitalini hatasubiri mshindi apatikane.

Fedha huenda wapi?

Waandaaji wa mashindano hupenda kuzungumzia fedha. Hawakosei. Mabaharia hula, hulala, hununua mafuta, huvunja vyombo na kuvitengeneza. Fundi wa matanga, seremala wa mashua, muuza samaki na mwenye nyumba ya kupangisha wote hupata riziki. Huko Cowes, ni jambo la kawaida kwa wakazi kupangisha nyumba zao kwa mabaharia wakati wa wiki hiyo.

Hata hivyo, pana tofauti kati ya fedha zinazopita mjini na zile zinazobaki. Mfanyabiashara anayekuja na hema lake kutoka mbali, akauza kwa siku nane na kuondoka, huacha takataka kuliko anavyoacha fedha. Mwenyeji ambaye duka lake huuza misumari na unga haoni ongezeko la wateja. Huenda hata wateja wake wa kila siku wakashindwa kumfikia kwa sababu ya msongamano.

Cowes ina mpango mmoja unaostahili kuigwa. Bandari yake inasimamiwa na tume iliyoundwa mwaka 1897, ambayo haina wenye hisa wa kugawana faida. Ada inayotozwa mashua ya mgeni huingia kwenye mfuko wa bandari, na ziada hurudi bandarini: katika kutengeneza gati, kuchimba mchanga unaojaza mkondo, kuweka maboya na taa. Kwa hiyo mvuvi wa Cowes ambaye hapendi mashindano anaweza, Januari baridi ikiwa kali, kufunga mashua yake kwenye gati iliyotengenezwa kwa fedha za washindani wa Agosti. Hiyo ndiyo maana ya mwenyeji kupona.

Mfano mwingine unatoka kisiwa cha Antigua katika bahari ya Karibi. Huko kuna bandari ndogo iitwayo English Harbour, yenye gati za kale za jeshi la wanamaji wa Uingereza ambalo lilizitupa mkono mwaka 1889. Gati hizo zilibaki magofu hadi zilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1961, na mwaka 2016 zikatiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye hoteli wa kisiwa hicho walishirikiana kuanzisha wiki ya mashindano ya mashua. Hawakuiweka katikati ya msimu wa watalii, wakati vyumba vimejaa tayari. Waliiweka mwishoni mwa Aprili, watalii wanapoanza kurejea kwao, ili msimu urefushwe na wafanyakazi wa hoteli wasiachishwe kazi mapema.

Hekima ya uamuzi huo ni dhahiri. Mashindano yanayowekwa wakati mji umejaa huongeza msongamano tu. Yanayowekwa wakati mji umepoa huongeza riziki.

Chini ya maji

Yapo pia madhara yasiyoonekana na mtazamaji aliyeketi ukutani. Katika bandari nyingi ndogo, chini ya maji huota nyasi za bahari ambamo samaki wachanga hujificha na kukua. Nanga inapong'olewa huzing'oa nyasi hizo, na mnyororo unaozungushwa na upepo hufyeka duara zima. Mashua moja kwa usiku mmoja si kitu. Mashua mia kwa wiki moja, kila mwaka, ni shamba lililolimwa bila kupandwa.

Ghuba ya Studland, magharibi mwa Cowes, ina nyasi za namna hiyo ambamo farasi wa baharini huishi. Baada ya eneo hilo kutengwa kama hifadhi mwaka 2019, sehemu ya ghuba ilitangazwa mnamo Desemba 2021 kuwa mahali ambapo mabaharia wanaombwa kwa hiari wasitie nanga. Badala yake kuliwekwa maboya ya kisasa yanayoshikiliwa na nguzo iliyozamishwa mchangani, ambayo kamba zake hazikokoti chini. Hivyo mgeni hakufukuzwa, bali alionyeshwa mahali pa kufunga.

Rangi za kupaka chini ya mashua nazo zina historia chungu. Katika miaka ya 1970, rangi yenye sumu ya bati iitwayo TBT ilisifiwa sana kwa kuzuia chaza na magugu yasigande. Mashua za starehe zilizojazana katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, ziliidondosha sumu hiyo majini hadi chaza wa kufugwa wakaanza kuota makombe yaliyopotoka na kushindwa kuzaana. Ufaransa iliipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mkataba wa kimataifa wa kuizuia katika vyombo vyote ulianza kutekelezwa mwaka 2008. Wafugaji wa chaza wa Arcachon walikuwa wamekwisha kuonja hasara. Ni muhimu kukumbuka kwamba hakuna baharia aliyekusudia kuwadhuru. Walikuja kustarehe tu.

Mafundi wetu wa pwani walipaka vyombo vyao deheni na sifa, mchanganyiko wa shahamu, chokaa na mafuta ya papa. Harufu yake ilikuwa kali, lakini haikuua chaza wa jirani.

Lamu ina visiwa vilivyozungukwa na mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hiyo. Maji ya mikondo yake ndiyo malezi ya samaki wanaolisha wenyeji. Vyoo vya mashua vinavyomwaga majini, mafuta ya injini za mashua za watazamaji na chupa za plastiki zinazorushwa kutoka ukutani, vyote huingia katika malezi hayo.

Kwa nini Lamu isiyaache mashindano

Yote haya yasichukuliwe kuwa hoja ya kuyakomesha mashindano. Kinyume chake. Kwa Lamu, mashindano ya mashua yana kazi moja ambayo Cowes haina haja nayo tena.

Mashua za huko Uingereza hujengwa viwandani. Mashua za Lamu bado hujengwa kwa mkono, na kijiji cha Matondoni kimejulikana kwa ufundi huo kwa vizazi. Fundi hapimi kwa ramani. Hupima kwa jicho na kwa mazoea aliyorithi. Lakini injini imeichukua kazi ya kila siku ya tanga. Abiria wanataka kufika haraka, na mvuvi aliyepata injini haoni sababu ya kungoja upepo. Kijana anayezaliwa leo Shela au Kipungani anaweza kuwa nahodha hodari wa mashua ya injini bila kujua kupiga bisho.

Siku ya mashindano ndiyo siku ambayo ujuzi huo hutafutwa tena. Foromali hukaguliwa, tanga hushonwa upya, na mzee aliyeacha bahari huulizwa maswali. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tamasha la Utamaduni wa Lamu limekuwa likijumuisha mashindano ya mashua, sawa na zilivyofanya sherehe za Maulidi. Majengo ya mawe yanaweza kutunzwa kwa sheria. Ustadi wa kuendesha tanga hautunzwi kwa sheria, bali kwa kutumiwa.

Zaidi ya hayo, wageni wa baharini huenda wakaongezeka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, uharamia uliotokea katika pwani ya Somalia uliwafukuza mabaharia wengi wa mashua za binafsi kutoka maji haya, na visa vya utekaji nyara wa watalii katika visiwa vya Lamu mwaka 2011 vikazidisha hofu. Januari 2023, mashirika ya kimataifa ya meli yaliiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo yenye hatari kubwa ya uharamia. Ingawa tahadhari bado yahitajika, hasa kaskazini, mashua za wageni zinazopenda mkondo wa Kilifi au maji ya Mombasa, mji wenye klabu ya mashua tangu mwaka 1910, zinaweza siku moja kuuliza tena kuhusu Lamu. Swali ni je, zitakuta nini?

Mambo ya kutayarishwa

Taasisi zinazohusika zipo tayari. Halmashauri ya Bandari (KPA) inasimamia bandari, Mamlaka ya Safari za Baharini (KMA) iliyoundwa mwaka 2004 inasimamia usalama wa vyombo, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilianzishwa mwaka 2018. Makavazi ya Kitaifa yanatunza mji wa kale, na serikali ya kaunti ina maslahi yake. Aidha, kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, ambavyo vinawaunganisha wavuvi wa kila diko. Hatari ya kuwa na wasimamizi wengi ni kwamba kila mmoja humngoja mwenzake.

La kwanza, basi, ni kwamba siku ya mashindano ijulikane miezi kadhaa kabla, na BMU zishirikishwe katika kuipanga, kwa kuwa diko ni lao kabla halijawa la mtazamaji. Tarehe ipangwe kwa kuangalia maji na upepo, si kwa ratiba ya wageni wa heshima pekee. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na mashua zinazoelea vizuri maji yakiwa yamejaa zinaweza kukwama fungoni maji yakishuka.

La pili, njia ya wazi iachwe mkondoni, iwekewe maboya na mashua ya ulinzi, na washindani waambiwe bayana kwamba atakayeivamia amejitoa mashindanoni. Mabaharia na watazamaji walio majini wavae majaketi ya kuokolea. Mashua ya tanga iliyojaza watu ubaoni hupinduka kwa sekunde chache, na mwogeleaji hodari akigongwa na foromali hana tofauti na asiyejua kuogelea.

La tatu, yawekwe maboya ya kudumu kwa ajili ya wageni, mbali na nyasi za bahari, kwa ada inayojulikana na yenye risiti. Baharia mgeni hachukii kulipa. Anachochukia ni kulipa watu watatu kwa nanga moja.

La nne, na hili ndilo msingi wa yote, fedha zitokanazo na siku hiyo, ziwe ni ada za wageni au michango ya makampuni, sehemu yake iliyotangazwa irudi bandarini: ngazi zilizomomonyoka zitengenezwe, taa za gatini ziwake, vyoo vijengwe karibu na diko, na vijana wachache wapelekwe kwa mafundi wa Matondoni kujifunza kazi.

Mashindano yakiisha, matanga hukunjwa, washindi hubebwa mabegani na wageni hupanda ndege zao. Kesho yake alfajiri, mvuvi hurejea dikoni kama kawaida. Akikuta ngazi imetengenezwa na maji ni safi, atayasubiri mashindano ya mwaka ujao kwa hamu kama mtoto yeyote wa ukutani. Akikuta chupa zinaelea na kamba yake imekatwa na asiyemjua, hata tanga liwe jeupe vipi, kwake halitakuwa sherehe.